Nilivyojifunza kuchelewa

Mara ya kwanza kuambiwa kwamba sijui rumba nilikuwa na miaka 22, na aliyeniambia hakuwahi kuiona Bahari ya Hindi hata kwenye kalenda. Ilikuwa Kharkiv, mashariki mwa Ukraine, enzi za Muungano wa Kisovieti, majani yakipukutika, mwaka 1986, ghorofa ya pili ya jumba la utamaduni la kiwanda kimoja. Mwalimu, mama wa makamo aliyesimama wima kama mlingoti wa jahazi, aliinua sindano ya santuri, akaniangalia miguu, akasema, "Kijana, unawahi."

"Nawahi nini, mwalimu?"

"Unaanza kwenye moja. Rumba huanza kwenye mbili."

Wenzangu walicheka, si kwa ubaya. Mimi sikucheka. Mtu wa Tanga umwambie hajui rumba? Nimezaliwa Ngamiani, kwenye mji wa Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, ambako usiku wa Jumamosi magitaa yalitufuata sisi watoto mpaka kitandani. Marehemu baba mdogo alikuwa na suti mbili, moja ya Idi na moja ya dansi, na ya dansi ndiyo iliyopigwa pasi kwa adabu zaidi. Alinifundisha rumba mimi nikiwa nimesimama juu ya viatu vyake. Leo nakuja kusahihishwa rumba na mwanamke wa nchi ya theluji!

Sababu zilizonipeleka pale, niseme kweli, hazikuwa za kisanaa. Nilifika mwaka 1985 kwa ufadhili wa serikali, mwaka mzima nikala Kirusi asubuhi na jioni, halafu nikaingia uhandisi wa mitambo. Darasani kwetu kulikuwa na binti wa kijijini, mkoa wa Poltava. Siku moja akaniambia kikundi chao cha dansi za ukumbini kina wasichana kumi na tisa na wavulana watano, na tena ukumbini kuna joto kuliko bwenini. Hayo mawili yalinitosha.

Mlangoni palikuwa na sinia la bati lenye kitambaa kilicholowa mafuta ya mbarika. Kila anayeingia hukanyaga pale, soli ya kulia, soli ya kushoto, ndipo aguse sakafu, maana zile mbao zilizosuguliwa kwa nta zilikuwa zinateleza kama samaki. Kwangu mimi harufu ya mbarika ilikuwa ya bibi na dawa yake ya tumbo. Sasa imegeuka, nikiisikia leo, mguu wa kushoto unajiandaa wenyewe. Viatu vya dansi vilikuwa adimu. Vyangu vya kwanza vilikuwa viatu vya kawaida vya dukani; fundi mmoja wa mtaani alivibandua soli akaweka ngozi ya ndani-nje, yenye malaika, na kila wiki nilikuwa naikwangua kwa brashi ya waya ili isilale. Wasichana walishona magauni yao wenyewe, shanga moja baada ya nyingine, kwenye treni, kwenye foleni, hata kwenye mhadhara wa thermodinamiki huku profesa akiongea na ubao.

Mwezi wa kwanza sikupewa mwenzi. Nilipewa mpini wa ufagio. Unapitishwa mgongoni, unaubana kwa viwiko vyote viwili, halafu unazunguka ukumbi mzima kwa hatua za walsi bila mpini kuinama upande. Mwalimu alikuwa akipita nyuma yangu anaugonga kwa kalamu, kama mnunuzi anavyogonga tikiti maji. Ukiinama, unaanza upya kutoka kona ya piano.

Ule ugomvi wa moja na mbili ulinichukua miaka kuuelewa, na nilipouelewa nilicheka peke yangu. Rumba yangu na rumba yake zote mama yao ni Cuba. Ya kwangu ilipanda meli kuja Afrika ndani ya santuri za GV, zile za nyimbo za Kicuba, zilizoanza kuuzwa kwenye bandari zetu miaka ya 1930. Wakongo wakaichukua, wakaitia magitaa yao, ikatufikia Tanga kwa redio na kwa wanamuziki waliovuka ziwa. Yake ilipitia London. Kuna mwalimu wa dansi wa huko aliyejulikana kwa jina moja tu, Monsieur Pierre, ambaye baada ya Vita Kuu ya Pili alikwenda Havana, akawatazama Wacuba miguu, akarudi akasema hatua inaanza kwenye pigo la pili, na lile la kwanza ni la nyonga. Waingereza wakabishana miaka kadhaa, mwishowe wakakubali, wakaandika kitabuni. Kwa Waingereza dansi haijawa dansi mpaka iandikwe; ndivyo walivyofanya na walsi ya polepole na foksitroti tangu miaka ya 1920, na ndiyo maana mpaka leo mchezaji wa dansi za ukumbini, awe wa Kharkiv au wa Tokyo, anaota kucheza Blackpool, mji wa pwani wa Uingereza, ambako mashindano yalianza mwaka 1920. Kwa hiyo tulikuwa ndugu wa mama mmoja, mmoja kalelewa Kinshasa, mmoja kalelewa London, tumekutana ughaibuni kila mmoja anamwona mwenzake ana lafudhi.

Sasa, Mwingereza alifikaje jumba la utamaduni la kiwanda cha Kisovieti? Hapo mwalimu wetu ndiye aliyekuwa kitabu changu. Baada ya mazoezi alipenda kukaa kando ya radieta, miguu ameinyoosha, anakunywa chai kwenye gilasi, na ukimwuliza vizuri husimulia.

Alikuwa msichana mwishoni mwa utawala wa Stalin. Miaka ile foksitroti na tango zilihesabiwa uchafu wa Magharibi. Hazikufa, ila zilibadilishwa majina: bendi ya bustanini ikipiga foksitroti, mtangazaji anasema "dansi ya haraka", ikipiga tango, anasema "dansi ya polepole". Kila mtu alijua na kila mtu alinyamaza. Shuleni na kwenye majumba ya utamaduni walifundishwa dansi zilizoruhusiwa: walsi, polka, mazurka, krakoviaki, na nyingine zenye majina kama padegrasi na padespani. Nilimkatiza. Hayo majina si Kifaransa kitupu? Mbona hayakuwa ya kibepari?

"Kwa sababu ni ya zamani," akasema. "Bepari akishakufa anakuwa mtu mzuri."

Halafu ikaja mwaka 1957, tamasha la vijana la dunia kule Moscow. Vijana kutoka nchi zaidi ya mia walimiminika, na palikuwa na mashindano ya dansi za ukumbini. Yeye hakwenda, lakini walioalikwa walirudi wakiwa na kitu miguuni. Pole pole vikundi vikafufuka. Mafunzo ya Kiingereza yalikuwa yanaingia kwa upande wa Baltiki, Tallinn ya Estonia hasa, kwa watu waliokuwa wakipata vitabu vya nje na kuvinakili kwa mkono. Alinionyesha daftari lake la zamani: michoro ya nyayo, kulia nyeusi, kushoto nyeupe, na vipimo vya mzunguko, robo, moja ya nane, tatu ya nane. Kurasa zilikuwa na alama za mafuta ya mbarika.

Serikali haikuachia kamba yote. Kwenye mashindano, kando ya dansi za Ulaya na za Amerika ya Kilatini, liliwekwa fungu la tatu la dansi za Kisovieti, zilizotungwa na wataalamu kutokana na ngoma za mataifa ya muungano. Kulikuwa na rilio ya Walituania, na Sudarushka ya Warusi. Mimi mwana wa Ngamiani nimecheza Sudarushka mbele ya meza ya waamuzi, suruali ya kuazima, nikitabasamu mpaka mashavu yakauma. Mwamuzi mmoja alimwambia mwalimu kwamba "yule wa Cuba" ana mgongo mzuri. Hatukumsahihisha, tulihitaji alama.

Haya ndiyo niliyokuwa nayajua kuhusu dansi za Waukraine mpaka kiangazi cha 1987, nilipoalikwa arusini kijijini kwao yule binti wa Poltava, ambaye kufikia hapo alikuwa mwenzi wangu wa dansi. Naomba niseme mapema kwamba ni mwenzi wa dansi tu, maana mke wangu husoma ninayoandika.

Arusi ilikuwa uani, meza ndefu chini ya miti ya cheri, na juu ya kila meza birika tatu nne. Moyo wangu ulifurahi. Miaka miwili nilikuwa nimesumbuka kwenye sherehe zao, kila glasi unayopewa ni pombe, na leo Mungu kaniletea chai! Nilikuwa sijui kwamba Gorbachev, kiongozi wa Wasovieti, alikuwa amepiga vita ulevi tangu 1985 na arusi zilitakiwa ziwe kavu, watu wakaamua ukavu huo uwekwe kwenye birika. Nikajimiminia kikombe kizima, nikakipiga funda moja la mtu mwenye kiu. Sitaeleza zaidi. Bibi mmoja alinipigapiga mgongo na kunipa mkate, wazee wote wa meza ile wakanipenda kuanzia saa ile, na mimi nikaomba toba kimoyomoyo kwa lugha tatu.

Wapigaji walikuwa watatu kama desturi yao: fidla, tsimbali inayogongwa kwa vijiti viwili, na bubon, dufu lao kubwa. Walipoanza polka, uwanja ukajaa vumbi. Sikuitambua. Polka niliyofundishwa mjini ilikuwa ya kurukaruka kwa nidhamu kuzunguka ukumbi. Hii ilikuwa inazunguka palepale kama pia, visigino vinapigwa chini, mwanamume kamshika mke kiuno kwa nguvu kana kwamba upepo utamchukua. Fremu, ule mkao wa mikono tuliofundishwa, hakuna, wala viwiko hakuna. Mwalimu wetu angezimia.

Pembeni yangu alikaa mzee mwenye masharubu ya kuning'inia, aliyeniambia kwa fahari, "Hii polka ni yetu, ya hapahapa." Nami, kwa ujinga wa msomi wa mwaka wa pili, nikamwambia hapana, mzee wangu, polka imetoka Bohemia, kwa Wacheki, miaka ya 1830. Aliniangalia kwa huruma. "Babu yangu aliicheza hapa," akasema, akionyesha ardhi kwa kidole, "huyo Mcheki alikuwa wapi?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo naona hoja yake ni nzito kuliko yangu. Ila lilibaki swali lililonikera kihandisi: ile polka iliingiaje? Njia yake ilikuwa ipi? Nikaanza kuuliza na kusoma, na picha niliyoipata ni hii.

Waukraine karne nyingi walikuwa watu wa nyumba moja yenye milango miwili, na funguo wanazo wengine. Mlango wa mashariki ulikuwa wa Warusi. Petro Mkuu alitoa amri mwaka 1718 kule St. Petersburg kwamba mabwana na wake zao wakutane kwenye hafla, wacheze dansi za Ulaya, watake wasitake. Dansi kwa amri ya serikali! Wakuu wa Kikosaki, wale wapiganaji wa Ukraine, waliokuwa wakipanda vyeo huko wakarudi na minueti kwenye mizigo. Hetmani wao wa mwisho, yaani mkuu wa Wakosaki, Kyrylo Rozumovsky, aliyetawala kati ya 1750 na 1764, aliuendesha mji wake mdogo wa Hlukhiv kama Petersburg ndogo, na hafla na muziki wa Kitaliano. Baadaye zikaja nyumba za mabwana mashamba. Kyiv nako, yale maonyesho ya biashara ya kila majira ya baridi yalipohamishiwa pale mwaka 1797, wenye mashamba wa Kipoland na Kirusi walikuja kuuza sukari na ngano mchana, usiku wakacheza. Liszt mwenyewe, yule bingwa wa piano wa Ulaya, alipiga pale mwaka 1847.

Na watwana je? Maana wengi wa Waukraine walikuwa watwana wa mashamba hayo mpaka 1861. Wao ndio waliowasha mishumaa, wakapika, wakashika farasi nje. Mabwana wengine waliwafunza watwana wao muziki ili wawe na bendi ya bure, na huyo aliyewapigia mabwana walsi Jumamosi ndiye aliyepiga fidla arusini kwa ndugu yake Jumapili. Nadhani polka ya Poltava ilipita hapo, na kwenye bendi za jeshi, na kwa watoto waliokuwa wakichungulia dirishani. Taras Shevchenko, mshairi wao mkubwa, alizaliwa mtwana mwaka 1814. Mwaka 1843, akishakuwa huru na msanii mwenye jina, alikaribishwa kwenye hafla za bibi mmoja tajiri huko Moisivka, mahali palipopewa sifa ya Versailles ya Ukraine, kwa mfano wa kasri la wafalme wa Ufaransa. Huwa najiuliza alikuwa akiangalia wapi usiku ule, sakafuni au madirishani.

Haikuwa safari ya upande mmoja, hata hivyo. Kozachoki, ngoma yao ya Kikosaki, nayo iliondoka kijijini ikaenda zake mpaka kumbi za Ufaransa, ikavalishwa glavu.

Mlango wa pili, wa magharibi, niliuona Januari 1989. Kikundi chetu kilikwenda Lviv kwa treni, usiku kucha na zaidi. Lviv si Kharkiv. Kharkiv imejengwa kwa upana, viwanja vikubwa na viwanda. Lviv ni vichochoro, mawe, makanisa, na harufu ya kahawa. Mwenzangu alikuwa na ndugu wa bibi yake pale, tukaenda kumwamkia.

Yule bibi alizaliwa 1916, Kaisari wa Austria akiwa bado kitini, akasoma shule chini ya Poland, akazeeka chini ya Wasovieti, na katika mambo yote hayo alihama nyumba mara moja tu, tena mtaa uleule. Nilimwamkia kwa Kirusi changu kizuri. Akanijibu kwa Kiukraine. Nikajaribu tena, akajibu vilevile, anatabasamu, ananimiminia kahawa. Kirusi alikijua, ila nyumbani kwake hakiingii. Ikabidi mwenzangu atafsiri, na mimi nikashika nusu. Kahawa ile nilikumbuka wazee wa barazani kwetu, ikakosekana kashata tu.

Nilimwambia tunacheza walsi ya Kiingereza. Alikunja uso kama aliyeng'ata limau. "Walsi ni ya Vienna," akasema. Kwao Galicia, jimbo la Lviv, ilikuwa chini ya Vienna, mji mkuu wa Austria, tangu 1772 hadi 1918. Mama yake alijifunza walsi kama watoto wengine wanavyojifunza kunawa mikono. Wapoland, ambao ndio waliokuwa wenye nyumba kubwa za Lviv, walikuwa na poloneza ya kufungulia hafla na mazurka ya kuonyeshana ubingwa. Wasomi wa Kiukraine, wengi wao watoto wa makasisi, waliingia kwenye dansi hizo wakijua wanatazamwa kama watu wa kuja. Walipoanzisha vyama vyao, kama ule wa Ruska Besida wa mwaka 1861, wakaanza kuandaa hafla zao, kwa lugha yao, na katikati ya walsi na mazurka wakaipenyeza kolomyika, ngoma ya duara ya watu wa milimani, wakaisafisha kidogo ili iweze kuchezwa kwa viatu vya ngozi.

Nikamwuliza, kwa nini hamkuacha hizo za kigeni mkacheza kolomyika peke yake?

Alifikiri, akakoroga kikombe ambacho hakikuwa na sukari. "Walsi tulicheza waone kwamba na sisi tunaweza," akasema. "Kolomyika tulicheza kwa sababu wao hawawezi."

"Na tango?"

Hapo aliinuka. Bibi wa miaka zaidi ya sabini, soksi za sufu, akasimama katikati ya chumba na kuweka mkono hewani palipotakiwa kuwa na bega la mtu. "Tango tulicheza kwa sababu ni tamu."

Alikuwa msichana wa miaka ishirini Lviv ya Poland ilipolewa tango. Vijana wa Kiukraine wakaunda bendi yao, Yabtso-Jazz ya Leonid Yablonsky, na akatokea mtunzi kijana, Bohdan Vesolovsky, aliyeandika tango na foksitroti kwa Kiukraine, zikachezwa bila kuomba radhi kwa Vienna wala Warszawa. Iryna Yarosevych aliimba. Halafu vita. Vesolovsky aliishia Kanada, akafia Montreal mwaka 1971, na Lviv ya Kisovieti haikutaka kumsikia. Bibi alizihifadhi zile nyimbo kichwani. Akatuimbia beti mbili kwa sauti ya chini, tena baada ya kuangalia dirisha, ingawa ilikuwa 1989 na hakuna aliyejali tena. Mazoea.

Mimi nami nikataka kuchangia, nikamsimulia habari ya Mwalimu Nyerere. Desemba 1962, siku alipolihutubia Bunge kama Rais, alisema wengi wetu tumejifunza rumba na chacha, rock and roll na twisti, hata walsi na foksitroti, lakini ni wangapi wanaoweza kucheza, au wamewahi hata kusikia, gombe sugu, mangala, konge, nyang'umumi, kiduo au lelemama? Nikamweleza bibi kwamba lelemama nilikuwa naijua, maana bibi yangu mzaa mama aliicheza, lakini nyang'umumi nisingeitambua hata ingenikanyaga.

Mwenzangu alitafsiri taratibu. Bibi akatikisa kichwa kukubali, akasema huyo rais aliuliza vizuri. Akanyamaza kidogo. "Na yeye mwenyewe alikuwa anacheza nini?"

Sikuwa na jibu kwa mara ya pili katika nchi ile.

Niseme ninavyoona mimi. Nimewasikia watu, wa kwao na wa kwetu, wakisema dansi za ukumbini ni mavazi ya mtawala ambayo mtawaliwa ameyaokota. Kuna ukweli. Walsi ya Lviv ilikuwa na jicho la Mwaustria ndani yake, na suti ya baba mdogo ilikuwa na jicho la Mwingereza. Lakini niliowaona hawakuwa wameokota. Mzee wa Poltava alikuwa ameibadilisha polka mpaka mwenyewe Mcheki hawezi kuichukua tena. Bibi wa Lviv alijua kabisa ni dansi ipi ya kuonyesha, ipi ya kuficha, ipi ya raha. Na mwalimu wangu, aliyefundishwa "dansi ya haraka" na "dansi ya polepole", alitumia maisha yake kurudisha majina. Kilichowaumiza hawakuniambia hata mmoja kwamba ni ugeni wa dansi. Walichosimulia kwa uchungu ni yule mtu wa mlangoni, anayebadilika kila baada ya miaka, anayesema leo hii ruhusa na hii marufuku.

Niliondoka 1991, mwaka waliojitangazia uhuru. Viatu vyangu nilivibeba, vikala ukungu wa Tanga, nikavitupa. Dansi ile kwao haikulala. Mipaka ilipofunguka hawakuhitaji tena daftari la mkono. Walimu wakaja, na wachezaji wakatoka. Slavik Kryklyvyy na Karina Smirnoff, wote wazaliwa wa Kharkiv, wakawa majina makubwa ya dansi za Kilatini. Ndugu wawili wa Odesa, Maksim na Valentin Chmerkovskiy, waliohamia Marekani wakiwa bado watoto, wakawa wanawafundisha mastaa wa Kimarekani kucheza walsi kwenye televisheni. Mwaka 2006 Ukraine nayo ikaanzisha kipindi kama hicho, na aliyeshinda msimu wa kwanza, na mwenzi wake Olena Shoptenko, alikuwa mchekeshaji mmoja aitwaye Volodymyr Zelensky. Alipokuja kuwa rais watu walishangaa. Mimi nilitazama ile video yake ya zamani nikaangalia viwiko tu. Vizuri, ila ufagio ungemsaidia.

Vita ilipoanza Februari 2022 nilikaa siku nne nikipiga namba moja ya Kharkiv. Siku ya tano mwenzangu akajibu, kutoka chini ya ardhi, kituo cha treni cha metro walikokuwa wamelala na majirani. Mwalimu wetu alikuwa amefariki miaka mingi kabla, na nilimshukuru Mungu kwa hilo, jambo ambalo sikudhani ningewahi kulishukuru. Mwenzangu alikataa kuondoka. Ana wajukuu, na jioni anawafundisha watoto wa mtaani dansi kwenye chumba cha chini cha jengo moja, maana kule juu king'ora hakiwaachi wamalize hata walsi moja.

Mwezi uliopita alinitumia video kwenye WhatsApp. Jozi sita za watoto, ukuta wa saruji, taa moja, mabomba darini, na pembeni, nakula kiapo, sinia la bati lenye kitambaa. Muziki unaanza. Rumba. Watoto wamesimama, mikono juu, hawaendi. Pigo la kwanza linapita, nyonga zinakaa, ndipo wanakwenda, wote kumi na wawili, kama mlango mmoja unaofunguka.

Nilikwenda kumwonyesha mke wangu, aliyekuwa jikoni anakuna nazi. Mtoto wa Pangani huyu, amelelewa na magitaa kama mimi. Aliangalia mpaka mwisho, mbuzi kati ya magoti, mkono umesimama kwenye kifuu.

"Wazuri," akasema. "Lakini mbona wanachelewa kuanza?"